Taa ya Dionizi na Sangala wa Ohio

Dionizi alifika kambi ya wakimbizi ya Kibondo akiwa mgongoni mwa mama yake. Alikulia huko, mahali ambapo maji yalitoka bombani kwa zamu, na hata hivyo kila mtu alimwita mtoto wa mvuvi. Baba yake, Zenoni, alikuwa amevua Rumonge, kwenye Ziwa Tanganyika, hadi vita vilipomtoa Burundi. Kwa kuwa kambini hapakuwa na ziwa, mzee huyo aliendelea kuvua kwa mdomo. Usiku, mbele ya nyumba ya udongo, alitandaza nyavu hewani, akawasha karabai isiyokuwepo, akawaonyesha watoto jinsi dagaa wanavyopanda kuifuata nuru kama waumini waliosikia ngoma ya kanisa.

"Ukiwa na taa nzuri," alikuwa akisema, "samaki watakuja wenyewe kukusalimia."

Zenoni alifia huko huko kambini. Dionizi alirithi maneno hayo na sifa ya ukoo, akavuka nayo bahari hadi Whitehall, pembeni mwa Columbus, Ohio, katika nyumba za kupanga zilizopangana kama maboksi ya ghala alilofanyia kazi. Alikuwa amebeba mizigo ya kila aina maishani mwake. Hakuwahi kumgusa samaki aliye hai.

Kasoro hiyo isingemdhuru mtu kama asingempenda Joselyne.

Joselyne aliishi Louisville, akiwahudumia wazee katika nyumba yao ya matunzo, na siku za Jumapili akiongoza sauti ya pili. Walikutana kwenye mkutano wa kwaya, kwa maana makanisa ya Warundi wa Marekani hutembeleana kutoka jimbo hadi jimbo kama watani wa mtaa mmoja. Agosti ya mwaka 2014 ujumbe wa upande wa kiume ukashuka Louisville kumposa. Msemaji alikuwa Mjomba Gaudiosi wa Buffalo, mtu wa kiwandani mwenye goti bovu na ulimi mzima.

"Tumekuja kuomba maji ya kunywa," alianza Gaudiosi, akiwa ameshika chupa ya Fanta mkononi. "Tumesikia nyumba hii ina kisima."

"Kisima kipo," alijibu Aloisi, baba wa binti, mzee mwembamba mwenye suti pana. "Lakini watu wa Buffalo mna theluji hadi kiunoni. Maji mnayatafutia nini huku?"

Watu wakacheka. Habari ya ng'ombe ilisemwa na kumalizwa upesi, kwa kuwa ng'ombe wenyewe walikuwa wa maneno tu. Kisha Aloisi akaweka chupa yake chini.

"Huyu kijana, mmesema ni wa nani?"

"Wa Zenoni wa Rumonge, Mzee."

"Zenoni mvuvi?"

"Zenoni yule yule."

"Tulivua ziwa moja." Mzee akamwangalia Dionizi kutoka viatuni hadi kwenye nywele. "Kwa baba yangu, mvuvi hakuozwa kabla hajamlisha mkwe wake. Basi siku ya harusi, mezani kwangu, nataka samaki aliyevuliwa kwa mkono wa mtoto wa Zenoni. Mzima, pamoja na kichwa chake. Ng'ombe nimesamehe. Samaki sisamehi."

Watu wakacheka tena, safari hii wakipiga makofi. Aloisi naye akacheka, kisha akaongeza, "Sitanii."

Harusi ilipangwa mwanzoni mwa Novemba.

Dionizi alikata leseni, akanunua fimbo ya kuvulia iliyokwisha tumika, akauliza kazini ni wapi penye samaki. Akaelekezwa kwenye bwawa kubwa la maji ya mji, kaskazini. Akaambiwa kwamba majani yakianza kupukutika, samaki aitwaye walleye husogea kando ya ufuko usiku kula vidagaa. Warundi wa Columbus, ambao hawana subira na majina ya Kizungu, walimwita wolai. Kusikia neno usiku, moyo wa Dionizi ulitulia. Usiku aliujua. Usiku ulikuwa wa baba yake. Akaenda kununua taa.

Haikuwa taa ya mchezo. Ilikuwa taa ya mafundi wa ujenzi, yenye betri kubwa kama tofali, na alipoiwasha juu ya mawe ya ufuko, bwawa liling'aa hadi chini na miti ya ng'ambo ikapata vivuli. Dionizi akaweka chambo, akatupa mshipi katikati ya duara la mwanga, akangoja wageni waje kumsalimia.

Hawakuja. Wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Palikuwa na mzee mmoja Mmarekani, mwenye kofia ya sufu, aliyevua jirani naye. Kila Dionizi alipowasha taa, mzee huyo alikusanya vitu vyake polepole, akasogea mbali. Usiku uliofuata akasogea mbali zaidi. Mwishowe alikuwa kidoti tu huko kwenye ukuta wa bwawa, na kutoka huko ndiko zilikosikika sauti za samaki wakipigapiga maji.

"Ananiogopa," Dionizi alimwambia Ndahiro, mwenzake wa ghalani.

Ndahiro alikuwa Mkongomani wa milima ya Kivu ya Kusini, mtu wa ng'ombe tangu babu wa babu yake, na habari yote ya samaki aliiona kama ugonjwa wa akili. "Bon, sikia. Unaendaka kila usiku kumulika maji. Maji imeshakujibu?"

"Bado."

"Donc nenda kwa duka ya Wachina, ununue samaki muzima, umufunge mu gazeti. Nani atajua?"

"Aloisi atajua. Atafungua mashavu, ataangalia jicho. Yule amezaliwa kwenye mtumbwi."

"Sisi kwetu," alisema Ndahiro akipandisha boksi, "kitu yenye iko mu maji, tunaiachaka mu maji. Tunaoa vizuri tu."

Simu za Joselyne nazo hazikumpa usingizi. "Nitaolewa na wewe hata ukileta kopo la jodari," alisema. "Lakini Baba ameshawaambia kanisa lote. Jumapili mchungaji amesimama madhabahuni akauliza kama samaki ameshapatikana."

"Umemjibu nini?"

"Nimesema yuko njiani."

"Yuko njiani kweli," Dionizi akasema. "Sijui tu njia gani."

Alicheka, lakini alipokata simu kicheko kilimkauka. Jambo lililomsumbua halikuwa aibu ya siku moja. Kitu pekee alichoachiwa na baba yake kilikuwa ile hadithi, na usiku baada ya usiku bwawa lilikuwa likimwambia kwamba hadithi ilikuwa uongo, au kwamba yeye hakuwa mwana wa mtu aliyeisimulia.

Wiki ya mwisho mama yake, Kostansia, akateremka kwa basi kutoka Buffalo, mahali alipoishi na kaka yake Gaudiosi katika nyumba ya mbao ya West Side, hatua chache kutoka kanisani kwake. Alikuja kwa ajili ya harusi, na alikuja na kitenge kipya, unga wa muhogo, na koti la theluji linalofika miguuni.

"Samaki yuko wapi?" aliuliza kabla hata ya kukaa.

Dionizi akaonyesha fimbo kavu iliyoegemea ukutani.

"Twende," alisema Kostansia. "Nataka kuona maji yanayomkataa mtoto wangu."

Jioni ile kulikuwa na upepo wa baridi, na majani makavu yalitambaa juu ya mawe yakikwaruza. Dionizi akamkalisha mama yake kwenye kiti cha kukunja, akamfunika blanketi, akawasha taa. Kostansia akainua mkono usoni.

"We! Hii nini? Tumekuja kuvua au kupigwa picha?"

"Ni taa ya kuvutia samaki, Mama. Kama ya Baba."

Mama akataka kusema neno, akaliacha. "Kwanza tuombe. Zima."

"Mama, nikizima samaki wataondoka."

"Wapi? Wako wapi hao wa kuondoka? Mwanga unanipenya kwenye kope, siwezi kuomba hivi. Zima, Mungu ananiona hata gizani."

Dionizi akatupa mshipi, akaibana fimbo katikati ya mawe mawili, akazima taa, akavua kofia. Giza likarudi kwa raha, kama mtu aliyeruhusiwa kuingia nyumbani kwake. Kostansia akaanza.

Sala za Kostansia zilijulikana Buffalo nzima. Hakuwahi kuomba jambo kabla ya kushukuru mambo yote. Alishukuru kwa barabara na kwa dereva wa basi. Alishukuru kwa mvua ya Kibondo na kwa jua la Kibondo. Aliliweka goti la Gaudiosi mikononi mwa Bwana, goti la kulia, asije Bwana akakosea. Aliwaombea wakubwa wa nchi hii, ambao majina yao hakuyajua, lakini Bwana anayajua. Dionizi aliitikia "Ee, Bwana" panapostahili, jicho moja limefumba, la pili likiangalia boya lake jeupe, lililoonekana kwa shida juu ya maji meusi.

Ukingoni kabisa maji yakaanza kutetemeka, kama mvua ndogo inayonyesha kutoka chini kwenda juu. Vidagaa. Vilikuwa vimesogea hadi kwenye mawe. Nyuma yao kitu kizito kikageuka majini.

"Na majirani zetu, Bwana," alisema Kostansia, "wale tunaowajua na wale tusiowajua..."

Boya likazama.

Dionizi akakaza meno. Kwao mtu hakatizi sala ya mama yake. Hata nyumba ikiungua, unaungua kwa adabu. Fimbo ikapinda, ikanyooka, ikapinda tena, safari hii ikikwaruza jiwe.

"...wenye afya na wagonjwa, wenye kazi na wanaotafuta..."

"Ee, Bwana," alisema Dionizi, akichutama polepole na mkono wake ukiitafuta fimbo.

"...na wale waliotukosea, maana nao ni wengi, Bwana, nikianza na..."

Fimbo ikaruka kutoka kwenye mawe.

"AMINA!" akapiga kelele Dionizi, akajirusha, akaidaka ikiwa tayari imegusa maji.

"Sijamaliza!"

"Utamalizia nikimtoa, Mama!"

"Ukimtoa na— Ee! Yesu wangu! Vuta! Usivute hivyo, mlegezee! Mlegezee kwanza, ni mzito huyo! Sasa vuta!"

Samaki alikwenda kushoto, na Dionizi akaenda naye kushoto, akiteleza juu ya mawe, magoti yakigonga. Alikwenda kulia. Kostansia alikuwa amesimama, blanketi limeanguka, akipiga vigelegele vilivyorudishwa na ukuta wa bwawa. Mara zikasikika hatua nyingine. Yule mzee wa kofia ya sufu alikuwa anakuja mbio, kadiri mzee anavyoweza kukimbia, na wavu wa mkono. Akaingia majini hadi kwenye vifundo, akauzamisha, akauinua. Ndani ya wavu palikuwa na samaki mrefu kama mkono mzima, mgongo wa rangi ya majani, ubavu wa dhahabu.

Mzee akawasha kitochi kidogo. Jicho la samaki likawaka jeupe, kama jicho la paka mlangoni.

"Sangala!" alilia Kostansia.

"Si sangala, Mama. Anaitwa wolai."

"Nimekula sangala wa Tanganyika kabla hujazaliwa. Huyu ni mdogo wake. Jicho ni lile lile." Akamwinamia samaki, kisha akamgeukia mwanawe. "Na mwenye jicho hili ndiye uliyekuwa ukimchoma na moto wa mafundi?"

"Baba ndiye aliyesema! Ukiwa na taa nzuri..."

"Baba yako alikuwa akisema habari za dagaa! Nyinyi mlikuwa mkisinzia hapo hapo kwenye dagaa, kila siku. Habari ya sangala ilikuja baadaye, mmeshalala, mimi tu ndiye niliyekuwa nikimsikiliza."

Dionizi akabaki na samaki mikononi, maji yakimtiririkia ndani ya mikono ya koti. "Alisema nini?"

"Kwamba sangala hakai mwangani. Anakaa nje, penye giza, anawangoja dagaa. Mvuvi wa sangala anafunika taa yake." Sauti ya Kostansia ikalainika. "Hapo naye aliifunika, kwa kofia, ile taa isiyokuwepo. Tukakaa gizani."

Dionizi alicheka tu, na machozi yakamtoka katikati ya kicheko, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Yule mzee aliuliza kama mambo ni salama. Dionizi akamweleza kwa Kiingereza, kidogo kidogo. Mzee akatikisa kichwa kwa furaha. Tangu mwanzo, alisema, alikuwa akitaka kumwambia azime ile taa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua unachofanya."

Dionizi akamtafsiria mama yake. Kostansia alicheka hadi akarudi kitini. "Watu wa huku! Watakuacha uzame, kwa heshima tu wasikusumbue." Akampa mzee kipande cha mkate wa muhogo. Wakavua wote watatu, giza totoro, bega kwa bega, na kabla ya kuondoka deli la barafu lilikuwa na wolai mwingine.

Ndahiro ndiye aliyeendesha gari kwenda Louisville, madirisha wazi njia nzima licha ya baridi, akilalamika kwamba suti yake imeshaoa samaki.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Samaki alikaangwa mmoja. Yule mkubwa aliletwa kwanza mbichi, juu ya sinia, ili mzee ajionee. Kwaya ikanyamaza. Aloisi akavaa miwani, akafungua mashavu kwa kidole, yalikuwa mekundu. Akaligeuza jicho kwenye mwanga.

"Sijapata kumwona huyu," alisema. "Lakini jicho nalijua." Akainua uso. "Kijana, ulimvua vipi? Kwa taa?"

Joselyne, ndani ya shela lake, akamgeukia Dionizi. Gaudiosi, ambaye kama msemaji ndiye aliyepaswa kujibu, akainama kulisugua goti lake.

"Gizani, Mzee," alisema Dionizi. "Taa ni ya dagaa."

Aloisi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ingawa hakuwa na jambo jingine la kuangalia.

"Huyu ni mtoto wa Zenoni," aliwaambia watu. "Mpeni mke wake."

Ukumbi ukalipuka. Ngoma zikaanza, sinia likapelekwa jikoni mbio, na liliporudi linanukia ndimu na pilipili, kichwa kikawekwa mbele ya Aloisi, naye akakigawa nusu akampa Kostansia. Kila mtu alikuwa ameshanyoosha mkono Kostansia aliposimama.

"Kuna sala sikuimaliza," alisema.

"Mama, samaki atapoa," alinong'ona Dionizi.

"Alikatiza sala, acha angoje." Akafumba macho. "Na majirani zetu, Bwana..."

Mikono ikarudi mapajani. Chini ya kitambaa cha meza Dionizi aliutafuta mkono wa Joselyne, akaupata, akafumba macho yote mawili.