Seli ya Bandia ya Mandira

Kwa miaka kumi na tisa Mandira Sanyal ndiye aliyetunza amplifaya za maabara yetu hapa Kolkata, zile zinazopima umeme mdogo mno wa seli moja ya neva. Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa seli hai, alichomeka kisanduku chake: vipande vya umeme, rezista na kapasita, alivyovilehemu mwenyewe vijifanye seli. Kipimo kikitoka sawa, mashine ni nzima.

Mwezi ule Profesa Lahiri, mkuu wa maabara, alimwandama. Seli za wanafunzi zilikuwa zikifa baada ya dakika kumi. Za mwanafunzi mmoja tu, Tirthankar, alizozitia dawa yake ya mitishamba, zilidumu saa nzima.

"Umeziharibu hizi mashine," profesa alimwambia mbele ya watu. "Mbona Tirthankar anapata?"

"Nimezipima zote, sir. Ni nzima."

"Basi umezeeka."

Mandira alirudi mezani, bisi zake za mchele asiziguse. Akabandua matokeo ya Tirthankar ukutani, akayasoma. Seli kumi na mbili, na kila moja ukinzani wake wa umeme ni megaomu mia nne na sabini, toka dakika ya kwanza hadi ya sitini. Seli hai hupanda, hushuka, huchoka. Na mia nne na sabini ni ukinzani wa ile rezista ya kisanduku chake, aliyoinunua yeye soko la Chandni siku alipokosa ya mia tano.

Nilimwona akitoka na karatasi ile mkononi. Alimkuta Tirthankar kwenye chai.

"We, kisanduku changu ulikichukua lini?"

"Kisanduku gani tena, Mandira-di, dada yangu?"

"Usinifanye mjinga!"

Kijana akachukua kikombe chake, akaondoka.

Mandira akaingia kwenye kikao cha idara bila kualikwa. Akachomeka kisanduku mbele ya wote, mstari ukatokea kwenye skrini, na kando yake akaiweka karatasi ya Tirthankar. Ulikuwa mstari uleule.

"Seli yenu hii hapa! Haifi kwa sababu ni kipande cha waya. Mwezi mzima natukanwa kwa ajili ya hii?"

"Mandira, kaa chini," profesa akasema.

"Sikai!"

Tirthankar alikiri siku hiyohiyo, na ripoti yake ya ile dawa ikaondolewa. Kesho yake profesa alimtuma karani na boksi la sandesh, vile vitamutamu vya maziwa. Mandira alilirudisha bila kulifungua.

"Alinitukana mbele ya watu," aliniambia. "Aje aniombe radhi mbele ya watu."

Hajaja. Mpaka leo wakipishana ngazini, hawasalimiani.