Mkaratusi Juu ya Kaburi la Babu

Harufu ya mkaratusi uliokatwa sasa hivi, ikichanganyika na petroli na oili chafu, mpaka leo hunifanya nifunge madirisha. Wengine huisifu, eti inafungua pua. Mimi hunirudisha Muleba, kwenye kibanja chetu cha migomba, kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa, kahawa imeanikwa kwenye mikeka mbele ya nyumba na baba yangu amerudi kutoka Bukoba na pikapu iliyojaa marumaru meupe. Kwetu wafu hatuwapeleki mbali. Tunawazika kibanjani, katikati ya migomba yao wenyewe, na mtoto aliyefanikiwa mjini watu humpima kwa kaburi alilomjengea baba yake. Tata, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa karani wa kuheshimiwa ofisini kwao, lakini babu alikuwa bado amelala chini ya udongo mtupu huku makaburi ya majirani yakimeremeta. Aibu hiyo ilikuwa imemla miaka mingi. Sasa akaleta fundi, akajenga, akabandika marumaru, akasimika msalaba, akamwomba padri aje kulibariki kaburi Jumapili.

Alhamisi ndipo alipoinua macho. Juu ya kaburi lile ulikuwa umeinama mkaratusi mnene, mkongwe, uliopandwa na babu mwenyewe ili kuonyesha mpaka. Mtu yeyote mwenye akili timamu angekata mti kwanza, kisha ajenge. Sisi tulijenga kwanza. Nasema sisi kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia Tata, na mimi nilikuwa nimeshinda siku nzima nikiyapangusa marumaru kwa kanga ya mama, nikijiona binti wa mfalme.

Aliitwa Ta Feliciani, jirani yetu wa bondeni, mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa na chenso, ule msumeno wa mashine, ya pekee upande wetu. Alikuja Ijumaa asubuhi, akauzunguka mti mara tatu, akatazama matawi, akatazama kaburi. Kisha akamweleza Tata kwa heshima zote. "Waitu, mti ukishainama umeshachagua upande wake. Tuuache uende hukohuko. Nitakata mdomo mbele, pengo la kuuelekeza, nitoboe shina katikati kwa ncha ya msumeno, na nyuma nibakize kipande cha kuushikilia. Nikimaliza najiweka pembeni ndipo nakikata hicho kipande, mti unashuka mimi sipo. Ila haya marumaru yang'olewe kwanza, na kaburi tulifunike kwa migomba. Siku tatu, nne, kila kitu kinarudi mahali pake."

"Nimlaze baba yangu chini ya gogo kama panya mtegoni?" Tata akauliza. "Padri anakuja kesho kutwa. Utauangusha upande wa pili. Watu watauvuta kwa kamba."

"Kuukata kinyume, lazima nisimame upande huu unaoinamia. Kamba ikikatika, unanirudia mimi."

Tata akawageukia wanaume waliokuja kuvuta. "Jamani, hii chenso ni yake au ni ya mkewe?" Wakacheka. Nami nikacheka, na sikuishia hapo. Niliwakusanya watoto wenzangu tukaanza kumzunguka tukiimba, "Ta Mwoga! Ta Mwoga!" Mimi ndiye niliyeutunga wimbo ule. Mama aliusikia akiwa jikoni akaendelea kumenya ndizi, Tata akanitupia tabasamu ambalo sikuwahi kulipata kwake hata nilipokuwa wa kwanza darasani. Nililifurahia. Naandika hivi nikiona haya, lakini nililifurahia sana.

Mama alinituma niwapelekee wanaume kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Nilipofika kwa Ta Feliciani alikuwa amepiga goti, ananoa meno ya mnyororo kwa tupa. Alitikisa kichwa. "Wape wavutaji, mwanangu. Mimi sinywi." Alisema mwanangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama vile hakuwa amesikia wimbo wangu. Kisha akavuta uzi, mashine ikanguruma, na kuku wote wakakimbilia migombani.

Alikata mdomo upande wa mlimani, alikoagizwa. Akahamia upande wa kaburi, akaanza kukata nyuma, akigongomea kabari moja, kisha ya pili. Wanaume kumi waliivuta kamba ya katani kwa wimbo. Mti ukatetemeka, ukanyanyuka kidogo, nasi watoto tukashangilia. Ndipo kamba ikakatika. Wavutaji walianguka chali, mmoja juu ya mwenzake, na baadhi yetu tukacheka tena. Mti ulirudi nyuma polepole ukaubana msumeno. Angeweza kukimbia. Nilimwona akigeuza kichwa kutafuta njia, na nyuma yake kulikuwa na kaburi la babu, limeinuka mpaka kiunoni, linateleza. Shina likalia, likameguka, na mti ukaenda kule alikosema utaenda, ukampitia kiunoni, ukavunja msalaba, ukapasua marumaru.

Alikuwa hai. Wanaume walilinyanyua gogo kwa miti, wakamtoa, wakambeba mpaka kwenye pikapu ili akimbizwe hospitali ya Rubya. Ila nyuma ya pikapu kulikuwa bado na marumaru yaliyobaki. Tata akasema yapakuliwe kwanza. Mtu mmoja akaanza kuyatupa chini, Tata akamfokea: "Taratibu! Moja moja!" Yakapakuliwa moja moja, yakaegemezwa kwenye mgomba, huku Ta Feliciani amelazwa kwenye majani makavu, anauliza kwa sauti ndogo kama chenso yake imepona. Alikata roho njiani. Jumapili padri alikuja, nyufa zikafunikwa kwa shuka jeupe na maua, tukala, tukapiga picha. Na kila aliyeuliza kuhusu ajali, Tata alimjibu hivi: "Alikuwa amelewa. Nilimkataza." Ma Jeni, mjane wa Ta Feliciani, aliisikia kauli hiyo kwenye msiba wa mumewe mwenyewe. Wanawe waliitwa watoto wa mlevi mpaka wakahama. Kibuyu nilikishika mimi. Nilijua, nikafunga mdomo, kwanza kwa woga, baadaye kwa mazoea, na mwishowe kwa sababu Tata alikuwa akinilipia shule.

Tata naye sasa amelala pale, kando ya babu, ndani ya marumaru meusi niliyomnunulia mimi. Kisiki cha mkaratusi hakikufa. Kilichipua, na chipukizi moja likanenepa likaegemea upande uleule. Mwaka huu nilimwita mkataji, kijana mwenye kofia ngumu na suruali nene ya kazi, aliyesomea ufundi huo. Aliuzunguka mti mara tatu. "Mama, huu unaenda kaburini. Tungeng'oa marumaru kwanza."

"Using'oe kitu," nikamwambia. "Uache uende unakotaka."

Akatoboa shina katikati, akabakiza kipande nyuma, akajiweka pembeni, akakikata, na mti ukalala juu ya marumaru meusi ya Tata. Ilikuwa kazi ndogo mno. Nililia kwa hasira kwa jinsi ilivyokuwa ndogo. Vumbi halijatua, Ma Jeni akatokea na kamba yake ya kuni, mgongo umepinda. Nikamwambia palepale, mbele ya kijana yule, kwamba mumewe hakuonja rubisi, kwamba kibuyu nilikibeba mimi, na kwamba wimbo ule ulikuwa wangu.

"Najua," akasema. "Tangu anioe hakuwahi kunywa. Nilikuwa nangoja kuona mtakaa kimya mpaka lini."

Nikamwomba msamaha. Alitafuta mahali pazuri kwenye gogo, juu ya kifua cha baba yangu, akakaa, akanyoosha miguu.

"Kuni sichukui," akasema. "Mti uacheni papa hapa. Msiunyanyue mpaka nife."