Siku Nilipopanda Vudee na Betri Kichwani

Mwezi uliopita gari langu liligoma kuwaka pale sokoni Same. Nikatoa mkobani kidude cha kubusti betri alichoninunulia binti yangu, kidogo kuliko mche wa sabuni, nikabana koleo zake mbili, nyekundu na nyeusi, nikapiga stata. Gari likawaka kabla muuza ndizi hajamaliza kunicheka. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilikaa kwenye usukani machozi yakinilengalenga, nikiikumbuka safari moja ya miaka ile ya shida, maduka yakiwa matupu na mitumba ndiyo kwanza imeanza kuingia. Naisimulia kwa wanaodhani kwamba moto wa gari umekuwa ukibebwa mkobani tangu zamani.

Same, Alhamisi alfajiri. Sababu ya safari ilikuwa macho ya baba. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga yote mawili, na daktari mgeni wa macho alikuwa hospitalini Same kwa juma moja tu. Ijumaa angepasua wagonjwa wa mwisho, aondoke, na hakuna aliyejua kama angerudi. Baba alikuwa nyumbani Vudee, juu mlimani, na nyonga yake iliyowahi kuvunjika isingestahimili kushushwa kwa machela. Gari pekee la kumleta lilikuwa Landrova kuukuu ya Mzee Elinami, rafiki yake, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Jana yake mama mmoja aliyeshuka kuuza maharage alikuwa ameniletea barua ya mzee huyo: "Gari halina moto kabisa. Tumelisukuma mteremkoni liwake, halikuwaka, na sasa mteremko umekwisha. Liko kwenye ndiva. Leta betri." Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia mashamba, na hiyo ya kwetu iko kwenye kibonde ambacho kila upande wake ni kupanda. Nilicheka, kisha nikalia.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Fundi Mapunda, mtu wa Songea aliyeletwa Upareni na kazi za mkonge akalowea. Betri mpya wakati ule ilikuwa ya kusikia tu. Aliyokuwa nayo aliitoa kwenye trekta bovu na kuichaji usiku kucha kwa ajili yangu.

"Nyie Wapare," aliniambia akiifunga kamba, "hata moto mnaazima?"

"Na nyie mnaukalia tu. Nionyeshe namna ya kuunga."

Akanionyesha mara tatu. Waya mwekundu kwa upande wa kujumlisha, kwenye betri zote mbili. Mweusi uanzie kwenye betri yangu, na ncha ya pili uibane kwenye chuma cha injini, mbali na betri iliyokufa. Subiri kidogo ndipo upige stata. "Stata ikigoma, washa taa. Zikiwaka hata hafifu, jua plagi bado zitapata moto. Betri isiinamishwe, ina asidi. Na neno la mwisho, Naetwe, shika hili hata ukisahau mengine yote: likishawaka, usilizime. Moto huu ni wa stata moja."

Kijana wake alitaka kunisindikiza akiibeba begani. Nikamkatalia. Bega la mwanamume huinama kila anapopiga hatua. Nilikunja khanga nikatengeneza kata, nikashika waya zake mkononi, nikaiweka betri kichwani kama nilivyobeba ndoo tangu utoto.

Mwembe, saa tatu. Lori la mbao lilinifikisha hapo, betri ikiwa mapajani muda wote. Kuanzia hapo gari langu lilikuwa miguu. Nilikuwa nimevaa gauni la samawati, nguo yangu ya kwanza ya mitumba, na nililivaa kwa sababu ni mlimani kwetu ninakokwenda na nilitaka kuonekana. Ujana una mambo yake.

Njia ilipanda katikati ya mahindi, kisha migomba, na hewa ikaanza kupoa. Kila niliyekutana naye aliuliza nimebeba nini. "Macho ya baba," nilijibu, nao wakanipisha. Njiani kote nilikuwa nikimlaani kimoyomoyo aliyeimaliza betri ya Mzee Elinami. Gari lilitembea mara moja kwa mwezi, betri ingekwishaje? Nilimpangia maneno makali huyo mtu, yeyote awaye.

Saa sita, kwenye kijito, jiwe liliteleza chini ya mguu wangu. Betri haikuanguka, ila iliyumba, na nikasikia ubaridi begani. Nilikumbuka tindikali, nikachota maji nikajimwagia mpaka nikatetemeka. Ngozi iliwasha kidogo tu, na gauni nililiona zima. Nikaendelea.

Vudee, saa tisa. Kwenye ndiva nilikuta watu zaidi ya thelathini na majembe, wanaume kwa wanawake. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja inayoitiwa kwa pembe, na siku ile walikuwa wakizoa tope bwawani. Landrova ilikuwa kando yao, imeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa. Baba tayari ameketi kiti cha mbele, kavaa koti lake la kanisani, macho meupe yakitazama kusiko.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na moto?"

"Nimekuja nao."

Niliunga waya kama nilivyofundishwa, nyekundu kwanza, nyeusi kwenye chuma. Mzee Elinami akapiga stata. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanguruma! Watu wakapiga vigelegele, majembe juu. Nami nikakusanya waya zangu nikijiona fundi kuliko Mapunda.

Ndipo Mzee Elinami akavua kofia. "Kabla ya safari, tumwombe Mungu," akasema, na kwa adabu zake zote za miaka arobaini kanisani, akazima injini.

Nikainua mkono, nimechelewa. Aliomba kirefu, akamshukuru Mungu kwa betri, kwa Naetwe, kwa fundi wa Songea asiyemjua. Alipomaliza akageuza ufunguo. Stata ikalia tik, ikanyamaza. Niliunga waya upya. Tik.

"Mzee wangu," nilisema kwa hasira, "Mungu alikuwa anasikia hata injini ikiunguruma!"

Alikaa ameshika kofia yake magotini. Jua lilikuwa limeanza kuelekea nyuma ya mlima. Nilimtazama baba na koti lake, nikaona Ijumaa inatupita na yeye anabaki gizani mpaka kufa kwake. Hofu niliyoipata pale sijawahi kuipata tena.

Nikakumbuka taa. Niliwasha, zikatoa mwanga mwekundu, hafifu, lakini mwanga. Kumbe moto wa plagi upo, wa kuzungusha stata ndio umekwisha. Nikaitoa betri ya Mzee Elinami, nikafunga yangu mahali pake. Sasa ulihitajika mteremko, na mteremko ulikuwa juu yetu, kule barabara inakoanzia kushuka.

Nikamwendea msimamizi wa msaragambo.

"Leo pembe imelia kwa ajili ya tope," alisema akijikuna kidevu. "Gari la mtu ni la mtu."

Mama mmoja aliyekuwa ndani ya tope hadi magotini akachomeka jembe lake. "Na wagonjwa linaowashusha ni wa nani? Tope halitakimbia."

Wakacheka, wakaacha majembe. Kamba ikafungwa mbele, wanawake tukavuta, wanaume wakasukuma nyuma, jiwe likiwekwa gurudumuni kila tulipopumzika. Kilele tulikifikia tumechafuka wote. Likaachiwa, Mzee Elinami usukanini, gia ya pili, klachi ikaachwa ghafla, na Landrova ikawaka huku ikirukaruka kama beberu.

Alilisimamisha likiunguruma, akashuka, akavua kofia. Nilikuwa nimekwisha kuufunika ufunguo kwa kiganja. Safari hii aliomba akipiga kelele kushinda injini, na amina yetu ilisikika ng'ambo ya bonde.

Njiani kushuka, tulipokwisha kuiacha migomba, baba alinigeukia. Kisha akasema, "Betri niliimaliza mimi."

"Wewe, baba?"

"Betri za redio hazipatikani. Elinami aliniruhusu niunge redio kwenye gari. Kila jioni nilikaa humu nikisikiliza. Tangu macho yafungwe, dunia nilikuwa naipata humo tu, mwanangu. Niliona haya kumwambia Elinami akuandikie."

Maneno yangu yote makali niliyokuja nayo mlimani niliyaacha hukohuko. Nilimshika mkono, tukashuka hivyo hadi Same.

Ijumaa baba alipasuliwa jicho moja, wa mwisho kwenye orodha. Jioni ile nilifua gauni langu nikalianika. Asubuhi nikalivaa haraka bila kuliangalia, nikawahi wodini bandeji inapofunguliwa. Baba alipepesa, akanitazama usoni, kisha akateremsha jicho begani kwangu.

"Naetwe," alisema polepole, "mbona nguo nzuri hivi ina matundu?"

Nikatazama. Kuanzia bega hadi kiunoni gauni lilikuwa limetoboka kama chekeche. Asidi husubiri nguo ifuliwe ndipo ionyeshe ilipopita. Nilimweleza habari ya kijito. Akalia na jicho lake jipya, nesi akamgombeza.

Baada ya juma moja nilimrejesha Vudee kwa Landrova ileile, tukala makande kwa Mzee Elinami, nikashuka na betri ya watu kichwani. Baba aliishi miaka kumi na moja zaidi, na kila mgeni alisimuliwa kwamba kitu cha kwanza alichokiona aliporudishiwa macho ni matundu.

Kidude cha binti yangu ni kizuri, hakina maji wala uzito. Siku ile sokoni niliomba nikiwa kwenye usukani, macho wazi, injini ikiunguruma. Kisha nikaendesha hadi nyumbani, nikafungua sanduku, nikalitoa gauni la samawati nikaliinua dirishani. Mwanga ulipita kwenye kila tundu.