Bwawa Lisilojua Mvua

Kazi yangu ni kuchora nyumba kwenye kompyuta, na sehemu ninayoipenda kuliko zote ni maji. Unachora shimo, unaweka kina, unachagua rangi ya vigae, kisha unabofya mara moja: bwawa limejaa. Hakuna ndoo wala foleni ya kisima. Mimi niliyekulia Runazi nikibeba madumu, jambo hilo halijawahi kunichosha.

Kwa hiyo siku niliyokwenda Bugarama kujitambulisha ukweni, nilibeba kompyuta. Baba mdogo, aliyekuwa msemaji wangu, alinionya kwamba mposaji hukaa kimya akitazama miguu yake. Lakini nilishasikia kuwa mzee, baba wa binti, ana shaka moja tu: kijana anayeshinda kwenye kiti anafanya kazi gani? Nilimpenda sana binti yake. Niliogopa kumkosa kwa sababu ya kiti.

Tukamwamkia mzee, tukakaribishwa, na swali likaja vilevile. Nikafungua kompyuta; baba mdogo akafumba macho. Nilimwonyesha mzee bwawa la kuogelea nililomchorea mama mmoja mwenye nyumba ya wageni Nyakanazi. Nililiweka chini kabisa ya mteremko, ili waogeleaji waone kilima chote. Nikalizungusha huku na huku, maji yakimetameta. Kwa kweli nilijisikia.

Mzee alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo.

"Kijana, kazi yako nzuri," akasema. "Rakini shida ni mahari."

Nikamgeukia baba mdogo. Mahari, hata soda hazijafunguliwa! Baba mdogo, kwa kujua wajibu wake, akakohoa na kueleza kwamba sisi si watu wa ng'ombe wengi, ila wawili wa kuanzia...

"Ng'ombe gani tena?" Mzee akagonga kioo kwa ukucha. "Mahari! Mahari uripoweka hiri bwawa!"

Nyuma ya pazia wanawake wakaangua kicheko, na sauti moja niliitambua. Mzee hakujali. Mvua ikinyesha, aliuliza, tope la kilima chote liende wapi? Kwenye programu yangu mvua hainyeshi. Nilikuwa nimemchorea yule mama dimbwi la tope, tena la vigae.

Niliona aibu, nikamwomba anielekeze. Akapitisha kidole mteremkoni, juu ya bwawa: makinga maji mawili, mitaro ya kukata mteremko kama ya shambani kwake. Nikachora palepale, yeye akiamuru, "Juu kidogo. Hapana, umezidisha." Chai ikaletwa, ikapoa mbele yetu.

Hatimaye akaegemea kiti. "Kumbe mtu anaweza kurima amekaa," akasema, kisha akamgeukia baba mdogo. "Haya, sasa tuongee mahari."

Baba mdogo, aliyekwisha kuungua mara moja, akauliza kwa upole, "Ipi, mzee?"

"Ire ya ng'ombe. Mrisema wawiri ni wa kuanzia."