Futa Kabla ya Kutoka

Babu yangu kule kijijini Busi alikuwa na mtego wa panya wa chuma, kauweka chini ya kihenge cha mtama. Siku moja ukambana kidole yeye mwenyewe. Hakulia. Aliutazama tu, akasema, "Kitu kinachokaa kimya kikingoja kidole chako, usikiamini." Kidole kilipinda, akawa anajikunia mgongo nacho, lakini hayo siyo niliyotaka kusema.

Uzeeni nilipata kazi ya usafi kwenye chuo cha uuguzi huku Dodoma. Kilikuwa na chumba cha kompyuta. Nilipoambiwa kile kidude cha kushika mkononi kinaitwa kipanya, nikajisemea, haya, mtego umerudi.

Mwanafunzi mmoja alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wawili, wa Busi kama mimi. Kufunga kidonda alijua. Aliwahi kunifunga mguu, wenzake wakaja kutazama. Ila mbele ya kompyuta, jasho tu.

"Babu, hii inajua nikiogopa. Kama punda," akaniambia.

Na mtihani wa kuingiza habari za wagonjwa ulikuwa wiki ile. Asipofaulu, anarudi kulima.

Akaniomba niwe namfungulia chumba asubuhi ajifunze kabla wenzake hawajaja kumcheka. Nilimfungulia, lakini nikasimama mlangoni. Mtu anayeomba mlango ufunguliwe mapema simwamini, hata awe wa kwetu.

Vumbi la Dodoma mnalijua. Jioni moja mwalimu alipitisha kidole juu ya meza, akafoka, "Kila mtu afute mashine yake kabla ya kutoka!" Wenzake wakachukua vitambaa. Yule wa kwetu akashika kipanya, taratibu, muda mrefu.

"Umefuta?"

"Nimefuta, mwalimu. Vyote."

Asubuhi yake ile mashine ilikuwa tupu. Kazi zote za kundi lake, hakuna. Mwalimu akanigeukia mimi.

"Mzee, ufunguo unao wewe. Nani huwa anaingia humu?"

Nikawaza: huyu kweli hakuelewa, au kafuta makusudi ili mtihani usogezwe? Mpaka leo sijui. Nikanyoosha kidole.

"Huyu."

"Mwalimu, si ulisema tufute?"

"Nilisema vumbi!"

Darasa likaangua kicheko. "Mgonjwa wako naye utamfuta?" akasema msichana mmoja.

Hakumtazama huyo, wala mwalimu. Alinitazama mimi. "Na wewe, babu?"

Akachukua kitambaa kwenye ndoo yangu. Akaifuta ile mashine pembe kwa pembe, kama wanavyofundishwa kufuta kitanda cha mgonjwa. Akakikunja kitambaa, akakirudisha, akatoka. Nikadhani kaenda chooni. Kesho yake niliwahi kufungua chumba, nikasimama mlangoni kama kawaida, mpaka wenzake wakaingia wote. Yeye hakurudi.