Nikimtaja Mke wa Dresa

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu na la shamba, maana huku kwetu tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, Mbondei, mjane, sikujaliwa mtoto. Kwa miaka sita nilifanya kazi katika zahanati ya shamba la mkonge, njia ya kwenda Pangani. Nilikuwa nikifua bendeji na kuchemsha sindano. Leo vidole vya mkono wangu wa kulia vimegandana, na barua hii naiandika kwa mkono wa kushoto.

Jiko la kuchemshia sindano lilikuwa la mafuta ya taa, lile la kupampu, nalo lilikuwa likivuja. Nilimwambia mkubwa wetu, Bwana Dresa, ndiye mganga msaidizi wa kufunga vidonda na kuchoma sindano, kwa adabu. Mara ya pili nikamwonyesha mafuta yanavyotiririka mezani. Mara ya tatu akanijibu mbele ya wagonjwa: "Wewe umeajiriwa kuchemsha au kukagua? Kama unaogopa moto, rudi Muheza ukalime." Nikawasha. Wiki ile ile likalipuka.

Maumivu siyaelezi. Siku ya pili nilikuwa nimelala palepale zahanati, kichwa kizito kwa dawa aliyonichoma, nikamwona ameniinamia na karatasi na wino. Mkono wangu mzima ukashikwa, naye akakikandamiza kidole gumba kwenye karatasi. Nikauliza, "Ni nini hiyo, Bwana?" Akasema, "Ya dawa. Lala."

Baada ya miezi mitatu nikaambiwa sifai tena kazi. Siku niliyokwenda kuchukua vitu vyangu, koti la Dresa halikuwapo msumarini nyuma ya mlango. Kumbe chini yake lilibandikwa tangazo la serikali, kwa Kiswahili safi: mfanyakazi akiumia kazini, mwajiri apeleke habari ofisi ya kazi, na aliyeumia ana haki ya kutibiwa na kufidiwa. Miaka sita nimefagia pale, wala sijui.

Nikapanda lori hadi Tanga, nikafikia kwa shangazi yangu Nguvumali, asubuhi nikaenda ofisi ya kazi. Karani akafungua jalada.

"Mama, hapa umesema hukuumia kazini, ulikuja siku yako ya mapumziko kujipikia uji. Na kidole chako hiki hapa."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimesoma misheni. Kila asubuhi nilikuwa naandika jina langu kwenye daftari la mahudhurio. Kwa nini siku hiyo niweke kidole?"

Akanitazama, akainuka na jalada lake, akaenda kwa afisa.

Tangu siku hiyo sina wazo jingine. Nataka kumwona yule mtu amesimama mbele ya hakimu. Nataka aulizwe mbele ya watu, kama alivyoniuliza mimi, na akose la kujibu. Niliposikia amesimamishwa kazi nilicheka mpaka shangazi akanikemea: "Mwanangu, kicheko hicho si chako." Nikamjibu, "Ni changu, shangazi. Nimeungua ndipo nikakipata."

Lakini juzi afisa aliniita. "Dresa anasema uliweka kidole kwa hiari yako, na mlikuwa wawili tu. Bila shahidi, kesi hii haina miguu. Nani mwingine alikuwapo?"

Nikasema sikumbuki.

Ndugu zangu, nakumbuka. Mkewe alikuwapo. Yeye ndiye aliyenishika mkono usitetemeke. Na ni mwanamke huyo huyo aliyenilisha uji kwa kijiko miezi mitatu, akaniogesha, akanifulia hata nguo za ndani bila kukunja uso. Hakuna aliyemtuma. Ndugu zangu wa damu walikuja mara moja, wakaziba pua.

Jumapili alikuja Nguvumali, mwanawe mdogo mgongoni. Akamwamkia shangazi shikamoo, akakaa mkekani karibu nami.

"Shoga, aliniambia ni karatasi ya dawa. Mimi kusoma sijui, wallahi."

"Basi njoo uyaseme hayo kwa hakimu."

"Ukinitaja nitakuja, na nikishaapishwa siwezi kusema uongo. Lakini ameniambia, nikifungua kinywa ni talaka tatu na watoto anawachukua. Wanangu watano, shoga." "Sikuambii umsamehe. Nakuomba usinitaje."

Hakulia. Akanitengenezea leso begani, kama alivyozoea kunifanyia, akaaga. Nilitamani nimkumbatie. Nilitamani pia nimtikise, nimuulize ni nani aliyenishikia mkono ule.

Keshokutwa naulizwa tena na afisa, na amesema ni mara ya mwisho. Nisipomtaja, mumewe anarudi zahanati kwa heshima zake zote, na mwanamke mwingine atasimama pale nilipokuwa nimesimama mimi. Nikimtaja, Dresa ataanguka kama ninavyoomba kila siku, na atamwangusha mkewe kwanza, kabla hajafika chini.

Wasomaji, msiniandikie habari za kusamehe, hilo sikuwauliza. Niambieni hili moja tu: mngekuwa mimi, mngemtaja? Nijibuni upesi, maana nawaambieni kweli, nikimkumbuka mumewe, jina la mwanamke yule linanifika mdomoni.