Ndoo ya mende niliyompelekea mama mkwe

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana mawifi zangu wapo humu wanasoma. Nina miaka 27, nimeolewa, nina mtoto mmoja, tunaishi Soweto hapa Mbeya. Mume wangu anafuga mende wa kulishia kuku.

Wafugaji wa mende wana ujanja wao. Akikuuzia anakupa majike tu, wasije wakazaliana kwako ukaacha kununua. Mume wangu alipata aina nyingine kwenye samadi huko Igawa, weusi, wanajichimbia udongoni. Hakuona dume hata mmoja, akafurahi. "Hawa mpelekee mama alishie kuku wake. Bila dume watazaaje?" Nikabeba ndoo mpaka Iringa kwa mikono yangu hii.

Baada ya miezi michache banda la kuku la mama mkwe likajaa mende. Wakaingia jikoni, wakaingia kwenye godoro. Kisha kuku wakavimba macho, yakatoka viminyoo vyeupe, wakawa vipofu. Mama mkwe akanipigia, hata salamu hakunipa. "Mkamwana, uliniletea nini kwenye ndoo ile?"

Mdogo wangu anasoma baiolojia chuoni. Nikampa wachache kutoka ndoo mbili za mume wangu, wakaangaliwa maabara. Akaniambia, "Dada, mende wenye madume idadi ya kromosomu zao inatabirika. Hawa inapishana, wa ndoo hii si sawa na wa ndoo ile. Ni majike watupu, wanazaa wenyewe. Mmoja tu anatosha kujaza nyumba. Na ndio wanaobeba hao minyoo ya macho ya kuku."

Nilikimbia kumwambia mume wangu nikijua nimepona. Akasema, "Ukitangaza hayo nani atanunua mende wangu? Funga mdomo." Kumbe ameshawauza mpaka Madibira.

Sasa ukoo umekaa kikao. Wanasema mimi ni mchawi, nimeanza na kuku, watoto watafuata. Juzi mtoto wa wifi yangu ameamka na jicho jekundu, na mimi nikatajwa kabla hata hajafikishwa zahanati. Jumamosi naitwa Iringa. Nimemsihi mume wangu twende wote akaseme ukweli. Anasema ana kazi nyingi.

Leo asubuhi nimekuta ndoo mlangoni, imefunikwa, inakwaruzwa kwa ndani. "Hiyo mpelekee mama," akasema bila kunitazama. Naogopa jamani. Lawama ikikaa kwangu, biashara yake inapona.

Nikikimbilia kwetu na mwanangu, watasema mchawi amekimbia. Nikienda, naingia nimeshika ndoo. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?